TV ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mchana nimepewa kazi ambayo sikuiomba.

Nilimaliza shule wiki tatu zilizopita. Mama amenileta kwa Bibi na Mama mdogo nikae hapa mpaka majibu ya mtihani yatoke, nisije nikashinda nyumbani nikihesabu mbao za dari. Mama mdogo ana ukumbi wa gemu: chumba kimoja kirefu kilichoungana na nyumba, viti vya plastiki, madirisha matatu makubwa upande linakozama jua, na TV nne. Tatu ni ndogo. Ya nne, ya mbele, ndiyo kila mtu anaigombania, na leo saa nne asubuhi imekufa. Ilitoa mstari mmoja wa kijani, ikatoa kumi, halafu giza. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye ndiye alikuwa anacheza, akabaki na pedi ya kuchezea mkononi kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya maneno matamu.

"Nilikuwa naongoza!" akasema.

"Ulikuwa umefungwa mbili," akasema nesi, ambaye hupita hapa kila akitoka zamu.

Tulipokaa kula, Mama mdogo akagonga meza kwa kijiko. Alisema kwamba tangu ukumbi wa ng'ambo ya barabara ufunguliwe, nusu ya wateja wetu wamehamia huko, na kwamba tangazo la shindano lake la tarehe kumi na tisa Aprili limeshabandikwa, haliwezi kubanduliwa. Pesa aliyojiwekea tangu alipoacha kushona nguo itanunua TV moja, kubwa, ya maana.

"Ikiwa nzuri, watu watarudi. Ikiwa mbovu, nafunga ukumbi, narudi kwenye cherehani. Hakuna ya pili. Na Kimya ndiye atakayeichagua."

Kimya ni mimi.

Nikasema, "Mimi?" Nadhani sauti haikutoka, maana Bibi aliendelea kuniongezea wali.

"Wewe ndiye uliyeniambia TV ya tatu ina nyuso za bluu. Mwaka mzima naitazama, sikuona. Wewe una macho, mimi nina mdomo. Tukienda pamoja tunakuwa mtu mmoja kamili."

Sijawahi kuchagua hata rangi ya mkoba wangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimesoma habari za TV kwenye simu ya Mama mdogo hadi simu ikapata moto. Nimeandika maswali kumi na saba. Bibi anafuma kitu kwa uzi mweupe. Nimemuuliza ni nini, akakificha chini ya mto.

Jumamosi, 8 Machi

Duka lenyewe! Lina ukuta mzima wa TV, kuanzia sakafuni hadi juu, na zote zinaonyesha kasuku yuleyule kwa wakati mmoja. Kasuku thelathini wakageuza shingo kunitazama. Nilitamani kurudi mlangoni.

Muuzaji alikuwa na tai fupi na tabasamu refu. "Karibuni, mama. Karibu, dada. Tunatafuta ya sebuleni?"

"Ya gemu," akasema Mama mdogo. "Ya watu wanaogombana."

Alitupeleka moja kwa moja kwenye TV iliyokuwa inawaka kuliko zote. Kasuku wa pale alikuwa mwekundu mpaka macho yanauma. Mama mdogo akasimama mbele yake mdomo wazi.

"Hii inaita," akasema.

Ilikuwa inapiga kelele, siyo kuita. Manyoya ya kasuku yalikuwa yamegeuka kuwa bapa moja jekundu, huwezi kuona unyoya mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Kwenye TV ya pembeni, iliyoonekana imepooza, manyoya yalikuwepo yote. Niliyaona. Lakini kusema ni kitu kingine. Nilimvuta Mama mdogo kwa ncha ya blauzi, kisha nikamwonyesha muuzaji daftari langu, swali la nne, kwa kidole.

Akasoma kwa sauti, duka zima likasikia: "'Je, TV hii imewekwa katika hali ya dukani, na je, unaweza kuitoa?'" Tabasamu likapungua kidogo. "Dada anafanya kazi wapi?"

"Hafanyi popote," akasema Mama mdogo. "Jibu swali."

Akaichukua rimoti. Alipoitoa kwenye hali ya dukani na kuiweka ya nyumbani, ile TV iliyokuwa inaita ikafifia na kuwa ya kijivu, kama mtu aliyevua nguo za harusi. Mama mdogo akanitazama. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, tukatembea mpaka kona. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka tukalowa.

"Kasuku kavua nguo," alikuwa akirudia. "Jamani, kasuku!"

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimewauliza wateja wanataka nini. (Niliandika karatasi nikaibandika ukutani. Kuuliza kwa mdomo bado.) Kinyozi ameandika: KUBWA. Nesi ameandika: *Nikibonyeza, ipige hapohapo. Mengine ni mapambo.* Mtu mwingine ameandika kwamba viti vinauma.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa. Madirisha yanavuja. Bibi bado anafuma.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ni siku ya kuandika kurasa nyingi!

Tumekwenda dukani na mashine yetu ya gemu ndani ya beseni, tumeifunika kwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Muuzaji mwenye tai alipotuona akasema, "Leo mmeleta nguo za kufua?" lakini alituruhusu tuichomeke, kwa sababu mvua ilikuwa imewafukuza wateja wote na alikuwa amechoka kuwatazama kasuku.

Nilikuwa na majaribio mawili. La kwanza ni la nesi: nibonyeze, ipige hapohapo. Nilimpa Mama mdogo simu arekodi kwa ule mwendo wa polepole, kidole changu kwenye kitufe na mchezaji kwenye skrini, vyote viwili pamoja. Kisha nikapitia video kipande kwa kipande, tangu kidole kishuke mpaka mguu wa mchezaji uinuke. TV ya kwanza: vipande ishirini na tisa. Nikatafuta kwenye mipangilio, nikaiweka katika hali ya gemu, nikarudia. Kumi na kimoja! Mama mdogo akahesabu mwenyewe kwa kucha ya kidole kidogo, hakuamini, akahesabu tena.

"Kwa hiyo ile yetu iliyokufa ilikuwa inawaibia watu muda?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na kinyozi miaka yote hii alikuwa anasema TV inachelewa, mimi namwambia achezeshe vidole!"

"Usimwambie," nikasema. Muuzaji akashtuka kusikia sauti yangu.

Jaribio la pili ni handaki. Kwenye gemu ya magari kuna handaki refu. Ukiingia, kila TV tuliyowahi kuwa nayo inageuka kijivu cha majivu na unaendesha kwa kubahatisha. Niliendesha handaki lile kwenye TV sita. Tano zilikuwa afadhali kuliko yetu. Ya sita ilikuwa ile nyembamba ya kona, ambayo kila nukta yake ina taa yake ndogo. Nukta ikitakiwa kuwa nyeusi inajizima kabisa.

Niliingia handakini na ukuta wa duka ukapotea. Sijui niandikeje. Ilikuwa nyeusi kama macho yaliyofumbwa, na ndani ya weusi ule taa za gari zilielea, na kwenye ukuta wa handaki niliona maji yanachuruzika. Nimepita humo labda mara mia mbili. Sikujua kama kuna maji.

"Mama mdogo," nikasema, "kuna maji."

"Wapi?"

"Ndani. Tazama."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Aisee," akasema taratibu. "Na sisi tulikuwa tunapita tu."

Muuzaji alikuja akasimama nyuma yetu, mikono nyuma, na tai yake akaiacha ilegee. Alisema anaipenda sana ile, ila hakuna anayemuuliza.

Tumemwambia atuwekee mpaka mwisho wa mwezi. Nimerudi nimelowa, nimefurahi. Mama mdogo amemwambia kinyozi, nesi, fundi viatu, na mwanamke asiyemjua aliyekuwa anasubiri mvua ipungue, kwamba tunanunua TV nyeusi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeifikiria tangu nilipoamka.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempeleka Bibi kuchukua miwani yake mpya. Kwenye sebule ya kusubiria ya duka la miwani kuna TV nyembamba ukutani. Nikaijua mara moja, ni ndugu wa ile yangu ya kona, na nikajisikia fahari kama nimekutana na mtu wa kwetu ugenini. Ilikuwa inaonyesha taarifa ya habari, ule ukanda mwekundu chini ukikimbiza maneno. Msichana wa mapokezi akabadilisha, akaweka picha za bahari kwa ajili ya mtoto aliyekuwa analia.

Ukanda haukuondoka.

Maneno yalikuwa yameondoka, lakini pale chini, juu ya maji ya bluu, palibaki alama ya ukanda, hafifu, kama doa la chai kwenye shuka lililofuliwa. Nikamuuliza msichana wa mapokezi. Nilimuuliza kwa mdomo! Akasema, "Hiyo? Ipo hapo tangu mwaka jana. Huwa tunaacha habari kutwa nzima, ikajichora."

Niliketi. Bibi alikuwa anajaribu miwani, anasoma mabango yote kwa sauti, hadi la choo. Mimi nilikuwa naona ukumbi wetu: saa mbili asubuhi hadi jioni, gemu ya mpira, na kona ya juu kushoto, mahali palepale, kisanduku cha magoli na dakika. Kutwa. Kila siku. Kufikia mwaka ujao kitakuwa kimejichora, kila gari litakaloingia handakini litaingia na magoli ya kinyozi juu ya kichwa.

TV ya ndoto yangu inafaa kwa mtu anayetazama filamu, akazima, akaenda kulala. Haifai kwetu.

Nimemwambia Mama mdogo alipokuwa anafagia maji. Nilitumia maneno matatu: "Mama mdogo, nimekosea." Kisha nikamweleza mengine nikitazama ufagio. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nimeshawatangazia watu," akasema.

"Najua."

"Mpaka fundi viatu."

"Najua, Mama mdogo. Samahani."

Akaegemea ufagio. "Ungeweza kunyamaza. Nisingejua mpaka mwaka ujao." Kisha akanipiga kidogo mgongoni kwa mpini. "Haya, mama wa macho. Ipi sasa?"

Jumatatu, 24 Machi

Majibu yametoka. Nimefaulu. Mama amelia kwenye simu. Kesho nataka nipime mwanga wa madirisha.

Alhamisi, 27 Machi

Mwanga wa madirisha: mvua ikinyesha, chumba ni kama jioni. Mvua ikikatika saa kumi, jua linapiga ukuta wa mbele hadi huwezi kusoma kalenda. TV yetu inatakiwa iwe na nguvu ya kushindana na jua hilo na pia ijue kujipunguza mvua ikirudi. Ile nyeusi ingezidiwa na jua. Najiambia hivyo ili nisiisikitikie.

Jumamosi, 29 Machi

Tumenunua! Ni ya namba tatu kwenye orodha yangu: nyuma ya kioo ina taa ndogondogo nyingi sana, ambazo kila kundi linajipunguza lenyewe penye giza. Handaki siyo jeusi kama kwenye ile ya kona, lakini maji yanaonekana. Niliyatafuta kwanza kabla ya kingine chochote. Na mbele, kwenye ukingo wa chini, ina jicho dogo linalopima mwanga wa chumba, ili ijiongeze na kujipunguza.

Muuzaji mwenye tai akataka kutupa ile ya maonyesho, "imeshapashwa moto." Mama mdogo alikuwa anafungua mdomo lakini nikamtangulia.

"Hapana, asante. Tunataka ya kwenye boksi, iwashwe hapa, kwa skrini nyeupe tupu, tuone kama ina doa."

Akanitazama, akamtazama Mama mdogo. "Amejifunzia wapi huyu?"

"Kwako," akasema Mama mdogo.

Jumatatu, 31 Machi

Imeletwa kwenye gari dogo, imefunikwa turubai, mvua ya kumwaga. Watu wanne waliibeba na kinyozi akawaongoza kinyumenyume mpaka yeye mwenyewe akakanyaga ndoo. Nilichomeka mashine kwenye tundu la tatu, maana katika manne ni mawili tu yanayopitisha kasi yote, nikaiweka hali ya gemu. Nesi akabonyeza. Mchezaji akapiga. Nesi akaiweka pedi chini, akasema kwa sauti ndogo, "Oho. Hapohapo."

Kisha Bibi akaingia na kitu chake cheupe.

Alikuwa anatufumia kitambaa cha TV! Tangu siku ya kwanza ya mvua. Ni kizuri ajabu, maua ya nyuzi yaliyoshikana mikono, na pindo lenye vishada. Ukikitandaza kwenye meza kinashuka hadi chini, na mbele kina ulimi unaopanda kufunika miguu ya TV na waya zote, unafungwa kwa vifundo viwili nyuma. TV imekaa kama mtoto aliyevishwa bibu. Mama mdogo alikaribia kulia. Alisema hata ng'ambo ya barabara hawana hicho.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Kinyozi amesema, "Mbona ina usingizi?" Nimemwambia ni hali ya hewa.

Jumamosi, 5 Aprili

Siyo hali ya hewa.

Jua limetoka saa tisa na TV haikujiongeza. Handaki halina maji. Watu wanaweka mikono juu ya macho kama wanatazama mbali. Nimepitia mipangilio yote ya picha: mwanga umefika mwisho, rangi sawa, hali ya gemu ipo. Nimezima na kuwasha. Rimoti nayo inagoma mpaka uisogelee kama unataka kuinong'oneza.

Jumatatu, 7 Aprili

Inapumua. Sina neno lingine. Jua likiwaka picha inakuwa ya giza, halafu inapata nuru, halafu giza tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama mdogo amempigia muuzaji simu. Amesema tuirudishe dukani, wataikagua, itachukua majuma matatu. Shindano ni baada ya siku kumi na mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Watu saba tu leo. Nimewaona wengine wakivuka barabara, wameinamisha mabega kwa mvua, wasitutazame.

Alhamisi, 10 Aprili

Kinyozi: "Mngechukua ile nyeusi, Kimya. Mlisema nyeusi."

Nesi: "Nyoa watu, muache mtoto."

Mama mdogo hajasema neno. Angenigombeza ningefurahi. Ameifuta cherehani vumbi, ameitia mafuta, ameifunika tena. Nilijifanya sikumwona.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Leo haipumui, imefifia tu, mwanga uleule kutwa nzima. Kwa nini leo haipumui?

Jumanne, 15 Aprili

Naandika haraka, mkono unataka kukimbia kuliko kalamu.

Leo mvua imekatika mapema na chumba kikawa na joto. Mama mdogo akawasha feni, ile ya kusimama inayogeuza kichwa, akaenda sokoni. Nilikuwa peke yangu na TV. Niliweka mpira, nikakaa sakafuni, nikaitazama ikipumua. Nilianza kuhesabu, kama nilivyohesabu vipande vya video, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Mwanga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Giza. Mwanga. Sita tena. Sita tena.

Halafu upepo ukanipiga usoni. Nikahesabu na wenyewe. Sita.

Niligeuka taratibu sana. Feni ilikuwa inatazama kushoto. Ikaja, ikaja, ikafika mbele ya TV, na vishada vya kitambaa cha Bibi vikainuka, ule ulimi wa mbele ukatikisika, na picha ikapata nuru. Feni ikapita, ulimi ukalala, picha ikafifia.

Siku ya mvua hatuwashi feni. Ndiyo maana haipumui!

Nikatambaa hadi mezani, nikainua kitambaa kwa vidole viwili. Jicho lilikuwa pale, chini ya ua la tatu. Jua likaliingia, na TV yote ikafunguka, kijani cha uwanja kikaja, umati nyuma ya goli ukawa watu, kila mmoja na shati lake. Nilipiga yowe. Mimi! Kinyozi akatoka mbio na mkasi mkononi akidhani ni nyoka.

Walikuwa wamemfunga macho. Tulikuwa tumemfunga macho, tukamwambia aone. TV ilikuwa inaamini chumba kina giza, inajipunguza ili isituumize.

Kinyozi alinyanyua kitambaa, akashusha, akanyanyua. "Bibi," akasema, akaziba mdomo. Tulitazamana. Hapo ndipo furaha iliponiganda kidogo. Majuma manne alikifuma. Kila mteja anayeingia, Bibi huchungulia mlangoni kuona kama anakitazama.

"Mimi simwambii," akasema kinyozi. "Mimi nina watoto."

Nilikwenda nyuma. Bibi alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Nilichuchumaa, nikamsaidia kutoa vijiwe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sema," akasema bila kuinua uso. "Umechuchumaa kama unataka kuposa."

"Bibi, TV ina jicho."

"Eeh."

"Liko chini, mbele. Linatazama mwanga. Na lingine la rimoti liko hapohapo." Nikatoa kijiwe kimoja. "Kitambaa kimeyafunika."

Akaacha mchele. "Kwa hiyo kitambaa changu ndicho mchawi."

"Siyo mchawi, Bibi. Ni kizuri mno. Ila kimekaa juu ya jicho. Hilo la mwanga ningeweza kulizima kwenye mipangilio. La rimoti siwezi. Na nisingependa kulizima. Ndilo lililofanya niichague."

Alikung'uta mikono. Nilisikia kuku wa jirani, nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye paa. Nilifikiri: basi, nimemvunja moyo Bibi yangu kwa sababu ya TV.

"Nipeleke," akasema.

Alipiga magoti mbele ya TV, mimi nimemshika kiwiko. Akapandisha miwani. Nilimwonyesha. Alipeleka kidole polepole kwenye lile jicho, akaliziba, picha ikafifia. Akakiondoa, ikarudi. Akaziba tena. Akaondoa.

"Na anavyojitahidi, maskini," akasema Bibi. "Mimi mwenyewe mwaka mzima nilikuwa nawaambia taa za nyumba hii ni mbovu." Akanyoosha mkono nyuma. "Sindano yangu. Na mkasi wako wewe kinyozi, kama ni msafi."

Alikata ua la tatu. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshashika nyuzi zilizoachia na sindano yake ya kulabu inapiga mbio kuzunguka tundu, mishono midogo, kama anayeshona kifungo. Kwa muda mfupi kitambaa kikawa na dirisha. La mviringo, lenye pindo lake. Jicho linachungulia katikati kama limetengenezewa.

Mama mdogo akaingia na kikapu, akatukuta sote sakafuni, TV inawaka hadi ukutani.

"Nini?" akasema. "Nini? Nani kafa?"

"Hakuna," akasema Bibi. "Nimemvalisha miwani."

Jumatano, 16 Aprili

Cherehani imerudishwa uvunguni.

Alhamisi, 17 Aprili

Watu ishirini na wawili. Handaki lina maji. Kinyozi amewaita watu kutoka dirishani mwa duka lake, "Njooni muone maji!" kana kwamba ameyachota yeye.

Jumamosi, 19 Aprili

Shindano.

Kufikia saa saba viti vilikuwa vimekwisha. Walikuja wa kwetu wa zamani, wakakaa kama hawajawahi kuondoka, na sisi hatukuwauliza. Walikuja hata wa ng'ambo. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha. Kila mara TV ikajipunguza na kujiongeza, na hakuna aliyetambua, ndivyo inavyotakiwa.

Fainali: kinyozi na nesi. Bila bila mpaka dakika za mwisho. Bibi alikuwa amewekewa kiti mstari wa mbele, na alikuwa anatazama kwa makini kuliko wote. Nesi akapiga kutoka mbali. Mpira ukaenda, ukaenda, ukazama kona ya juu, chumba kikalipuka, viti vikaanguka, Mama mdogo akamkumbatia fundi viatu.

Kelele zilipopungua kidogo ilisikika sauti ya Bibi: "Huyo aliyefuma huo wavu karuka mishono. Tazameni pale pembeni."

Wakarudisha tukio. Tukatazama wote. Pembeni mwa goli, kweli, kamba mbili hazikushikana.

"Bibi kaona fundo!" mtu akapiga kelele.

"Siyo fundo, ni uvivu," akasema Bibi.

Kinyozi alibaki na pedi mapajani. Nilidhani atasema. Miaka yote akifungwa husema TV imechelewa. Alifungua mdomo, akaitazama TV, akanitazama mimi, akaufunga.

"Sina wa kumsingizia," akasema. "Mmenimaliza."

Mwenye ukumbi wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mwavuli unamchuruzikia viatuni. Akauliza, siyo kwa ubaya, "Jamani, hii nani kawachagulia?"

Mama mdogo alinitazama. Mdomo wake ulikuwa tayari, nilimwona anaushikilia. Chumba kizima kikanigeukia, na uso ukanichoma hadi masikioni.

"Mimi," nikasema.

Ilisikika hadi nyuma.

Jumapili, 20 Aprili

Leo haikunyesha. Saa kumi jua limeingia kwa madirisha yote matatu pamoja, likapita juu ya vichwa vya watu hadi mbele, na picha ikajiongeza yenyewe polepole, kama mtu anayefumbua macho. Wachezaji walikuwa wanabishana kuhusu kona, hawakuona. Bibi aliona. Alinigusa kwa kiwiko, akanyoosha kidevu kuelekea dirisha lake dogo la uzi, tukatazama.